Oksana Lyniv ndani ya shimo la Bayreuth: uchambuzi wa kisa cha 25 Julai 2021

Jioni ya tarehe 25 Julai 2021, mjini Bayreuth, kusini mwa Ujerumani, taa za ukumbi zilizimwa na opera ya Richard Wagner iitwayo Der fliegende Holländer, yaani Mholanzi Arukaye, hadithi ya nahodha aliyelaaniwa kuzunguka baharini, ikaanza. Watu 911 ndio walioruhusiwa kuingia, Kansela Angela Merkel akiwa mmoja wao, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwona mtu aliyekuwa akiiongoza. Jengo ndivyo lilivyojengwa: okestra nzima na kiongozi wake wamo shimoni, chini ya kifuniko. Mle shimoni alisimama Oksana Lyniv, mzaliwa wa Brody, Ukraine, mwenye miaka 43. Tamasha la Bayreuth lilianza mwaka 1876. Kwa miaka 145 hakuna mwanamke aliyewahi kushika kijiti cha kuongozea mahali pale.

Magazeti mengi yaliishia hapo, kwenye mwanamke wa kwanza. Habari ni ya kweli na ilistahili kuandikwa, lakini haitufundishi lolote kuhusu kazi. Shimo la Bayreuth halina jinsia. Linamuumbua yeyote anayeyaamini masikio yake kupita kiasi. Kinachotushughulisha katika kisa hiki ni jambo moja: mtu aliyesomea Lviv na kukomaa katika nyumba ya opera na baleti ya Odesa aliupata wapi ujuzi wa kuvuka zaidi ya saa mbili bila mapumziko ndani ya shimo lile, tena katika mwaka ambao kwaya iligawanywa mafungu mawili kwa sababu ya korona?

Neno moja kabla hatujaendelea. Kondakta kwetu ni mtu wa daladala anayekusanya nauli. Hapa basi tutasema mwongozaji kwa yule anayesimama mbele ya okestra, na mwelekezi kwa yule anayepanga mambo ya jukwaani. Ni kazi mbili mbali kabisa, na mara nyingi wenye kazi hizo huvutana.

Njia aliyopita

Lyniv alizaliwa tarehe 6 Januari 1978 katika familia ya wanamuziki. Baba yake ni mwongoza kwaya. Alisomea kuongoza okestra katika chuo cha muziki cha Lviv chenye jina la Mykola Lysenko. Mwaka 2004 alishika nafasi ya tatu katika shindano la kwanza la waongozaji la Gustav Mahler, linaloandaliwa na okestra ya simfoni ya Bamberg. Aliyeshinda ni kijana wa Venezuela, Gustavo Dudamel, ambaye baada ya hapo milango ya dunia ilimfungukia karibu yote kwa mpigo.

Wa tatu hafunguliwi milango hivyo. Mwaka 2005 Lyniv alikuwa msaidizi wa Jonathan Nott huko Bamberg, kisha akarudi darasani, mara hii Dresden. Kuanzia 2008 hadi 2013 alifanya kazi Odesa akiwa naibu wa mwongozaji mkuu. Mwaka 2013 akahamia Munich, Opera ya Jimbo la Bavaria, kuwa msaidizi wa Kirill Petrenko.

Tuitazame hatua hiyo kwa utulivu, maana kwa maoni yetu ndiyo iliyoamua kila kitu. Odesa alikuwa naibu mkuu, mtu mwenye maonesho yake na okestra inayomjua. Munich akawa msaidizi, yaani mtu anayeketi ukumbini na patitura (kitabu chenye noti za ala zote) magotini wakati mwenzake anaongoza. Kwa cheo ameshuka. Kwa ufundi alikwenda pale ambapo opera makumi huzungushwa katika msimu mmoja, na ambapo bosi wake, kila kiangazi kuanzia 2013 hadi 2015, alikuwa akishuka katika shimo la Bayreuth kuongoza Ring, mfululizo wa opera nne za Wagner.

Msaidizi hufanya nini hasa? Anaongoza mazoezi ya piano pamoja na waimbaji kabla okestra haijaingia. Anaongoza wapigaji walio nyuma ya jukwaa, akimtazama bosi kwenye skrini ndogo na kulirudisha pigo kwa mkono wake. Anakaa safu za katikati ukumbini na kuandika: tromboni zinamfunika soprano ukurasa huu, kwaya imechelewa pale, maneno hayasikiki hapa. Mwongozaji akiugua saa 9 alasiri, msaidizi ndiye anayesimama jioni, bila mazoezi na okestra. Aliyekaa Munich miaka minne, 2013 hadi 2017, amejifunza jambo ambalo haliwezi kufundishwa ukiwa umesimama mbele: kwamba anachosikia mwongozaji na anachosikia msikilizaji wa safu ya 20 ni vitu viwili tofauti. Hilo ndilo somo lote la Bayreuth.

Baada ya hapo akawa mwongozaji mkuu wa Opera ya Graz, Austria, na wa okestra yake, 2017 hadi 2020, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo pale. Jumba la Odesa la mwaka 1887 na la Graz la mwaka 1899 yalichorwa na ofisi moja ya wasanifu wa Vienna, Fellner na Helmer. Yote mawili ni majumba ya kawaida kwa maana nzuri ya neno hilo: shimo liko wazi, mwongozaji anaonekana, sauti inapanda moja kwa moja. Bayreuth inakuja kuvunja mazoea yote hayo.

Alichokibeba kutoka nyumba ya baleti

Nchini Ukraine nyumba ya opera haitengani na ya baleti. Jina rasmi la jumba la Odesa lina maneno yote mawili, na ndivyo ilivyo Kyiv, Lviv, Kharkiv na Dnipro. Okestra moja hupiga opera ya Verdi leo na baleti ya Tchaikovsky kesho. Anayefanya kazi ndani ya nyumba ya namna hii anaishi na kazi mbili zenye sheria zinazopingana.

Katika opera pumzi iko kifuani. Mwimbaji akivuta pumzi ndefu kuliko jana, unamngoja. Akiwa na mafua, unakaza mwendo ili sentensi isimkatikie njiani. Katika baleti pumzi iko magotini. Mchezaji hukunja magoti kabla ya kuruka, na pigo la maandalizi la mwongozaji lazima liangukie kwenye mkunjo huo. Likija baada ya mkunjo, mchezaji ameshaondoka na okestra imebaki. Hewani hakuna cha kungoja. Mwili ulioinuka sentimita 50 hukaa hewani takriban sekunde 0.64, ulioinuka sentimita 70 hukaa kama 0.76. Tofauti ni sekunde 0.12, ndogo kwa kuitaja lakini kubwa kwa kuisikia. Ndiyo sababu solo ileile huandikiwa mwendo tofauti kwa kila mchezaji. Katika patitura ya mwongozaji wa baleti utakuta kwa penseli: mapigo 126 kwa dakika kwa huyu, 118 kwa yule, na tarehe ya mazoezi namba hizo zilipochukuliwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni mizunguko 32 ya mguu mmoja katika tendo la tatu la baleti ya Swan Lake. Makosa ni yaleyale kila mahali. Mwongozaji mchanga huvutwa na mguu unaozunguka hewani, kwa sababu ndio unaopendeza, kisha msisimko wa muziki unamkimbiza, na kufikia mzunguko wa 20 mchezaji anatafuta sakafu. Mwenye uzoefu hutazama kisigino cha mguu uliosimama. Kinashuka mara moja kwa kila mzunguko, na pigo lote limo katika kisigino hicho.

Tazama sasa yaliyotokea Bayreuth. Mwelekezi wa onesho la 2021, Dmitri Tcherniakov, hakuacha utangulizi wa okestra upigwe pazia likiwa limefungwa. Kwa takriban dakika 10 aliweka hadithi isiyo na neno hata moja: mvulana mdogo, mama yake na mwanamume mwenye hadhi kijijini, kijiji kinachomtenga mama huyo, mama anayejinyonga, mwana anayeona. Mvulana huyo ndiye atakayerudi akiwa mtu mzima, Mholanzi mwenyewe, kuja kulipiza kisasi. Kwa mwongozaji hii ni kazi ya baleti kwa vyovyote vile. Jukwaani hakuna koo la kungoja, kuna miili inayotembea kwa hatua zilizopangwa. Okestra ikifika kwenye ukimya wake sekunde 3 kabla mlango haujafunguliwa, hadithi imeanguka. Ikichelewa, waigizaji wanasimama bila la kufanya mbele ya watu. Aliyezoea opera peke yake huwa na shida hapa, kwani kwake utangulizi ni mahali pa uhuru, pa kuonesha okestra yake inaweza nini. Mtu wa nyumba ya baleti anajua kuushika mwendo bila kuua uhai wake.

Shimo lenyewe

Jengo la Bayreuth lilifunguliwa Agosti 1876. Wagner hakutaka watazamaji waone fidla, taa za patitura wala mikono ya mwongozaji, basi okestra ikazamishwa. Sakafu ya shimo inashuka kwa ngazi hadi chini ya jukwaa. Juu, karibu na mwongozaji, wanakaa wapiga fidla. Chini yao viola na selo. Kisha filimbi, oboe na klarineti. Na chini kabisa, ndani ya pango, tarumbeta, tromboni, tuba na ngoma. Kifuniko kilichopinda kinafunika upande wa watazamaji, kwa hiyo sauti hairuki kwenda ukumbini. Inageuzwa kwenda jukwaani, inachanganyika na sauti za waimbaji, kisha zinatoka pamoja.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni viti. Katika okestra nyingi fidla za kwanza ziko kushoto kwa mwongozaji. Bayreuth ziko kulia. Mkono wa kushoto uliozoea kwa miaka 20 kuita fidla za kwanza sasa unaita fidla za pili. Kosa hili linaudhi kwa siku 2 au 3 za mwanzo, kisha mwili unazoea.

Jambo la pili halizoeleki kwa haraka. Mwongozaji amezungukwa na okestra inayonguruma ndani ya chumba kilichofunikwa, na sauti za waimbaji zinamfikia kwa udhaifu na kwa kuchelewa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwaya ikiwa mita 20 kutoka kwake, inamfikia baada ya sekunde 0.06. Wakati huohuo sauti ya okestra inasafiri njia ndefu kwenda ukumbini: inagonga kifuniko, inaingia jukwaani, ndipo inatoka. Sauti ya mwimbaji inatoka moja kwa moja. Mwongozaji akiziunganisha mbili hizo sikioni mwake mpaka zikae sawasawa, msikilizaji wa safu ya 20 anasikia okestra inayomfuata mwimbaji kama mtu aliyechelewa basi. Ili ukumbini ziwe pamoja, shimoni lazima zisiwe pamoja. Okestra inatakiwa itangulie, na mwongozaji akae kwa zaidi ya saa mbili ndani ya kile ambacho sikio lake linamwambia ni kosa.

Hebu fikiria ugumu wake. Mafunzo yote ya mwongozaji wa opera ni kusikiliza na kungoja. Bayreuth ukingoja umekwisha. Mwimbaji naye, akisikia mwendo umelegea, anangoja. Unamngoja anayekungoja, na ndani ya kurasa mbili opera imegeuka uji.

Dawa ipo, na imetumika pale miaka mingi. Kwenye meza ya mwongozaji kuna simu. Wakati wa mazoezi msaidizi anaketi ukumbini, na taa ya simu ikiwaka maana yake kuna neno: okestra iko nyuma, selo hazisikiki, soprano amezidiwa. Mwongozaji analipokea hilo hata kama masikio yake yanasema kinyume. Hapa ndipo miaka minne ya Munich inapolipa. Aliyewahi kuwa mtu wa upande ule wa simu humwamini anayepiga.

Halafu kuna joto. Ni Julai na Agosti, shimo limefunikwa, taa zinawaka. Wanamuziki hupiga wakiwa na mashati mepesi na kaptura, kwa kuwa hakuna anayewaona. Nyuzi za fidla zinalegea na joto, filimbi zinapanda. Ukianza onesho bila kuhakikisha noti ya kutunia, saa ya pili nyuzi na filimbi hazipatani tena, na Holländer haina mapumziko ya kurekebisha. Bayreuth inapigwa moja kwa moja, matendo yote matatu yameunganishwa.

Kwa nini Holländer ni ngumu kuliko inavyoonekana

Watu husema Holländer ni Wagner mwepesi: fupi, nyimbo zinazoshikika, okestra ya kiasi. Nje ya Bayreuth wana haki. Ndani ya Bayreuth tatizo ni kwamba opera hii haikuandikiwa jumba lile. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Dresden tarehe 2 Januari 1843, miaka 33 kabla jengo halijafunguliwa, na iliingia Bayreuth mwaka 1901 tu. Parsifal, opera ya mwisho ya Wagner, iliandikwa kwa shimo lile, na mwendo wake mpana unapumua vizuri chini ya kifuniko. Holländer imejaa noti za haraka za fidla, bahari inayochemka, baragumu zinazoita kwa ukali. Kifuniko kinaramba ncha zote hizo. Kinachotoka ukumbini, usipojitahidi, ni ukungu.

Kinachosaidia ni kufupisha. Noti inayopigwa kwa urefu wake kamili shimoni inafika ukumbini ikiwa imenenepa, basi wapiga nyuzi huambiwa waiache mapema, upinde ukaribie uzi, mwanzo wa noti uwe na jino. Ala za shaba, yaani tarumbeta, tromboni na tuba, hupiga kwa nguvu ambayo katika jumba la kawaida ingekuwa ufidhuli. Mapigo ya mkono hupunguzwa ukubwa na kuongezwa ncha. Mpiga tromboni aliye chini kabisa anamtazama mwongozaji kwa pembe kali, kutoka mbali. Ishara ya duara inayopendeza jukwaani kwake ni wingu.

Mwaka 2021 liliongezeka jambo. Viti vya Bayreuth ni vya mbao, havina godoro, kwa hiyo kinachofyonza sauti ukumbini ni miili ya watu. Jengo linachukua zaidi ya watu 1,900. Wakiwa 911, nusu ya kifyonzi imeondoka, na mwangwi unarefuka. Ukungu juu ya ukungu.

Balladi ya Senta, msichana anayempenda Mholanzi, iliyo katikati ya opera, ndiyo mahali ambapo mwongozaji anajulikana. Ni beti tatu kwa mapigo ya 6/8, kila ubeti ukianza na dhoruba na kuishia kwenye maneno ya huruma, taratibu. Mara tatu mwendo unafunguka, mara tatu unarudi. Ukifanya mabadiliko yaleyale kila ubeti, wa tatu unachosha. Ukilegeza sana kwenye huruma, dhoruba inayofuata inagoma kuwaka. Senta wa siku ile, Asmik Grigorian, alikuwa anaimba Bayreuth kwa mara ya kwanza, naye ni mwimbaji anayeigiza kwa mwili wote, anayeweza kugeuka na kuimba kuelekea nyuma. Kwa mwimbaji wa namna hii sikio la mwongozaji halitoshi. Unamtazama mabega yanavyopanda kabla ya sauti, kama unavyomtazama mchezaji magoti. Mholanzi aliimbwa na John Lundgren, ambaye Lyniv alikwisha kufanya naye kazi Munich mnamo Februari 2020 katika onesho la muziki wa mtunzi Bartók lililojengwa juu ya opera ya Bluebeard. Georg Zeppenfeld, mwenyeji wa muda mrefu wa Bayreuth, aliimba Daland, baba yake Senta. Mgeni shimoni hupata afueni kubwa akiwa na sauti moja jukwaani inayoujua ukumbi.

Kwaya iliyokatwa nusu

Tamasha la 2020 lilikuwa limefutwa lote. Mwaka 2021 lilirudi kwa masharti, na sharti zito lilikuwa la kwaya. Waimbaji wengi hawakuruhusiwa kuimba wakiwa wamebanana jukwaani. Basi fungu moja likaimba kutoka ukumbi wa mazoezi wa kwaya, sauti zikiletwa kwa vipaza sauti, na fungu jingine likawa jukwaani likiigiza na kufungua midomo bila kutoa sauti. Kwaya iliandaliwa na Eberhard Friedrich.

Yeyote aliyewahi kuimba kwaya ya kanisa ambayo nusu iko roshani na nusu iko madhabahuni anajua mwanzo wa shida hii. Hapa ilikuwa kubwa zaidi. Fuata njia ya pigo moja. Mkono wa mwongozaji unashuka shimoni. Kamera inauchukua. Skrini katika chumba cha kwaya inauonesha. Mwimbaji anaona, anaimba. Maikrofoni inachukua, mitambo inachanganya, kipaza sauti kinatoa. Umeme ni wa haraka, lakini kila kifaa cha kidijitali huongeza kipande chake cha muda. Picha 25 kwa sekunde maana yake kila picha ni sekunde 0.04, mfumo ukichelewa picha 2 tu, ni 0.08. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, na pigo likigawanywa nne kila kipande ni 0.125. Umepoteza zaidi ya nusu ya kipande hicho kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Kosa linalotokea chumbani ni kuimba kwa sikio. Okestra inasikika chumbani kupitia spika, na ni vigumu kwa mwanadamu kutoifuata. Akiifuata, anaimba kwa kuchelewa mara mbili: kuchelewa kwa spika na kuchelewa kwa kuitikia. Kwa hiyo chumba huimba kwa jicho. Unatazama skrini, unatoka na mkono, hata kama unajisikia uko mbele ya muziki. Ni sheria ileile ya shimo, imehamia chumba kingine.

Jambo ambalo mwongozaji hupoteza kabisa ni mkono wa kushoto. Katika hali ya kawaida unafungua kiganja na kwaya inashuka. Sauti ikipita kwenye mitambo, kiwango chake kinashikwa na fundi sauti. Kiganja kikishuka, waimbaji wanashuka, lakini fundi asipojua mpango anaweza kuwapandisha palepale ulipotaka wanyamaze. Ndiyo maana fundi sauti wa onesho kama hili lazima awe na patitura mbele yake na alama zilezile za penseli alizo nazo mwongozaji.

Tendo la tatu linakusanya yote haya mahali pamoja. Mabaharia wa Norway wanaimba wimbo wao wa shangwe wenye vishindo vya miguu. Wanawake wanaingia. Kisha kutoka meli ya Mholanzi inajibu kwaya ya mizuka, na nyuma yake tufani: filimbi ndogo tatu, baragumu, tamtam (gongo kubwa) na mashine ya upepo, zote Wagner aliziandikia kupigwa jukwaani. Mabaharia wanajaribu kuizima mizuka kwa kurudia wimbo wao, wanashindwa, wanakimbia. Kwaya mbili zinagombana kwa makusudi, na watazamaji lazima wasikie kuwa ugomvi umepangwa. Miguu inayopiga kishindo ikiwa jukwaani na sauti zikiwa chumbani, sekunde 0.08 inatosha kuufanya wimbo wa sherehe usikike kama watu wawili wanaopigilia misumari. Tiba ni kuwapa miguu pigo moja na sauti pigo jingine: walio jukwaani wanaufuata mkono kwa utulivu, walio chumbani wanakaa mbele yake. Mtu mmoja, mkono mmoja, nyakati mbili. Hiyo ndiyo sehemu ya usiku ule tunayoistahi kuliko zote, na hakuna kamera iliyokuwa mahali pa kuionesha.

Matokeo

Pazia lilipofunguliwa mwishoni na Lyniv akapanda kutoka shimoni kuja jukwaani, ukumbi ulimshangilia kwa nguvu. Aliitwa tena Bayreuth kwa opera ileile mwaka 2022, 2023 na 2024. Kurudishwa ndicho kipimo cha haki pale, kwa sababu okestra ya Bayreuth inakusanywa kila kiangazi kutoka okestra mbalimbali, na wengi wao wamemaliza miaka mingi shimoni. Wanamjua mwongozaji aliyeelewa na yule aliyebebwa. Nathalie Stutzmann alishuka mwaka 2023 kwa Tannhäuser, opera nyingine ya Wagner, na mwaka 2024 Simone Young akaongoza Ring. Kiangazi hicho wanawake watatu walikuwa wakipokezana shimo ambalo kwa miaka 145 halikuwa na hata mmoja.

Januari 2022 Lyniv alianza kazi ya mkurugenzi wa muziki wa Teatro Comunale di Bologna, mwanamke wa kwanza kuongoza nyumba kubwa ya opera nchini Italia kwa cheo hicho. Mwezi uliofuata, tarehe 24, Urusi iliivamia Ukraine kwa vita kamili. Okestra ya vijana ya simfoni ya Ukraine aliyoianzisha mwaka 2016 imekuwa tangu hapo sehemu nzito ya kazi yake: vijana ambao wazazi wao wako chini ya mabomu, na ambao bado wanahitaji mtu wa kuwaambia upinde ushuke wapi. Mwaka 2024 aliongoza Turandot katika Metropolitan Opera, New York.

Bayreuth yenyewe, alipoirudia mwaka 2022, haikuwa ileile aliyoiacha. Viti vyote viliruhusiwa kukaliwa tena, na watu zaidi ya 900 walioongezeka walikuwa wameuleta mwili wao wote ukumbini. Mwangwi ulifupika. Fidla zilizokuwa zimefundishwa kuacha noti mapema mno sasa zingesikika kavu, na shaba iliyokuwa imepimwa kwa ukumbi mtupu ingekuwa na uzito mwingine. Alama za penseli za mwaka uliopita zingehitaji kufutwa kurasa kwa kurasa, msaidizi akiwa tena safu za katikati, mkono wake karibu na simu.